Mjane wa Mwaka Mzee

Gonzalo Toapanta, fundi viatu wa mtaa wetu, alikuwa mtu wa ahadi. Kila mkesha wa mwaka mpya, sanamu la Mwaka Mzee likishawashwa moto katikati ya barabara na watu wameanza kuliruka, yeye alikunja suruali akatangaza kwa sauti: mwaka huu napunguza kitambi. Mwaka huu naziba paa. Mwaka huu najifunza kuendesha gari. Gari lenyewe hana! Tulimcheka, akacheka, akaruka, na ikifika Sikukuu ya Wafalme Watatu, hata wiki haijatimia, kitambi kiko palepale na paa linavuja vilevile. Hakuna aliyemlaumu. Hapa Ambato sote tunaahidi hivyohivyo, moto ukiwa mkali na koo limeshalainishwa. Majivu ya barabara ile yamemeza ahadi zetu nyingi, na asubuhi wake zetu huyafagia.

Lakini mwaka ninaousimulia, Gonzalo alitoa ahadi akaitimiza. Ndiyo hiyo iliyokuja kumliza.

Mambo yalianza Novemba ya mwaka wa nyuma yake. Jumamosi ile alikunywa na Olmedo Sailema, kinyozi, tangu mchana. Olmedo ndiye aliyemsimamia Maritza, binti pekee wa Gonzalo, siku ya ubatizo, na kwetu mtu akishamshika mwanao kanisani, basi nyinyi wawili ni makompadre, ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja. Hao tangu ujana walikuwa kama soli na kiatu. Walikuwa wenza katika karata za arobaini, mchezo wa wawili kwa wawili, na hakuna waliowaweza. Na hawakuwahi kukaa pamoja hata mara moja bila chupa kati yao. Walikunywa ile pombe kali ya miwa inayoteremshwa kutoka mashambani kwa madebe, ile inayokausha ulimi kabla hujaimeza.

Usiku huo Gonzalo alirudi karakana, akawasha jiko dogo la gesi apashe gundi moto, akalala usingizi wa kifo. Gundi ikashika moto. Ukuta wa nyuma ulikuwa wa mbao, na nyuma ya ukuta alilala Maritza. Walimtoa salama, Mungu ni mkubwa, lakini mkono wake wa kulia uliungua kuanzia kiganja hadi kiwiko. Mtoto wa miaka kumi! Alilia hadi sauti ikamkauka, na baba yake alikuwa amekaa sakafuni pale, macho mekundu, hajui hata kiatu chake kimoja kiko wapi.

Targelia, mkewe, yule anayekaanga chapati za viazi sokoni, ni mwanamke wa makelele. Sisi majirani tulimzoea. Safari hii hakupiga kelele, na hapo ndipo Gonzalo alipoogopa.

"Nisikilize," alimwambia, akimfunga mtoto bandeji. "Mwaka mmoja. Kuanzia moto huu unaokuja wa Mwaka Mzee hadi moto mwingine. Ukinusa hata kizibo, namchukua mwanangu nakwenda kwa mama yangu kule Píllaro, na huko usinifuate. Sikutishi. Nakuarifu tu."

"Sawa."

"Usiniambie sawa. Sawa zako ninazo gunia zima."

"Na Olmedo?" aliuliza Gonzalo polepole.

Targelia hakuinua uso. "Olmedo wewe ndiye unayemjua. Jijibu mwenyewe."

Na Gonzalo alijijibu. Pombe angeweza kuiacha, pengine. Kumwacha Olmedo aketi mbele yake, apige paja, aseme "kikombe kimoja tu, kompa, tusafishe koo," halafu yeye akatae, hapo hakujiona. Alijijua alivyo dhaifu. Wengine humsifu mtu kwa kujijua, lakini mimi sijui.

Mkesha ukafika. Kwetu Mwaka Mzee ni sanamu la mavumbi ya mbao lililovishwa nguo kuukuu, na kila mzee anayekufa lazima aache mjane. Mjane ni mwanamume aliyevaa gauni jeusi, kapaka rangi ya mdomo, anakinga kamba barabarani kuzuia magari na kuomba senti za kumzikia mumewe. Mtaani kwetu mjane alikuwa Olmedo, mwaka nenda mwaka rudi. Alivaa gauni la msiba la mkewe, Piedad, alilolivaa alipofiwa na mama yake, akajaza machungwa kifuani, akaanza: "Mume wangu weee! Umeniacha na watoto kumi na wawili, mkubwa Januari, mdogo Desemba, na wote wana njaa! Baba, teremsha kioo hicho, nakuona una senti!" Madereva walicheka hadi wakatoa.

Saa ya kuchoma ikikaribia, mjane husoma wosia wa marehemu, na hapo hakuna wa kusalimika.

"Kwa Zoila muuza mikate," alisoma Olmedo akijifuta machozi ya uongo, "mume wangu anakuachia mizani mpya, maana ya kwako ilishakufa zamani."

"Umbwa wewe!" alipiga kelele Zoila, naye anacheka.

"Kwa kompadre wangu Gonzalo, anakuachia chupa tupu, uilalie."

Watu wakaangua kicheko. Gonzalo hakucheka. Alisogea mbele ya sanamu, Maritza kamshika koti kwa mkono wake mzima, na akasema kwa sauti iliyokuwa ndogo kuliko kawaida yake: "Mwaka huu naacha pombe. Kabisa. Hadi moto mwingine."

Mjane akashika kiuno. "Wewe, kompadre? Wewe? Wafalme Watatu watakuwa hawajashuka kwenye ngamia zao, nawe utakuwa jikoni kwangu na kikombe mkononi!"

Jamani, tulicheka. Mimi mwenyewe nilicheka, sifichi. Olmedo alikuwa hodari wa kuchekesha, na kila mtu alijua Gonzalo ni nani. Ila Gonzalo alihisi mtoto kaliachia koti lake. Moto ukawashwa, fataki za tumboni mwa sanamu zikalipuka, watu wakaanza kuruka. Aliporuka, aliongeza ahadi ya pili moyoni, ambayo hakuitaja kwa mtu: Olmedo sitamfungulia mlango.

Olmedo alimfuata baadaye, kavua kilemba, rangi imemchafuka midomoni. "Umenuna?"

"Sijanuna."

"Ni utani wa mjane huo, kompa. Kwani hujanizoea?"

"Nimekuzoea," alisema Gonzalo, akaushika mkono wa mwanawe wa upande mzima wakaenda zao. Hawakusemezana tena uso kwa uso.

Jumamosi ya kwanza tu, mluzi ukasikika nje ya karakana, mmoja mrefu na mmoja mfupi, kama ulivyosikika ujana wao wote. Gonzalo alikuwa na misumari mdomoni. Akapita nyuma ya pazia la ngozi anakohifadhi vipande, akakaa juu ya ndoo. Targelia akaenda mlangoni.

"Komadre, hujambo? Mzee yupo?"

"Hayupo."

"Mbona nilisikia nyundo?"

"Ya jirani."

"Ala! Na jirani naye siku hizi anashona viatu?"

"Olmedo, nenda nyumbani."

"Haya, naenda. Mwambie huyo jirani namsalimu."

Ikawa hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi. Mluzi, maneno mawili matatu, utani, kisha nyayo zikienda. Mwanzoni Gonzalo alitetemeka nyuma ya pazia lile kama mwenye homa. Usidhani ni hofu. Ilikuwa hamu. Alitamani kile kikombe cha kwanza hadi akauma ngozi kwa meno. Baadaye ile kiu ilipungua, ikabaki hamu nyingine, ya kumsikia mtu akimwambia "kompa." Hiyo haikupungua.

Ilipofika Kwaresima, Olmedo alikuja bila utani. Gonzalo alimsikia vizuri, kwa kuwa kati yao palikuwa na mlango na pazia tu.

"Komadre, mwambie nina karata mfukoni, sina kingine. Mwambie na mimi nimeacha. Tangu Wafalme Watatu sijagusa. Kama hasadiki, aje aninuse mdomo."

"Nitamwambia," alisema Targelia kwa sauti kavu.

"Sema sasa hivi, anasikia. Kompa! Unasikia? Njoo uninuse!"

Gonzalo aliinuka kwenye ndoo. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshatoka nje ya pazia. Halafu akakumbuka maneno hayo yametoka wapi. Ni yake. Njoo uninuse mdomo: amemwambia Targelia hivyo miaka na miaka, baada ya kutafuna majani ya mnanaa gengeni, na siku alizosema hivyo ndizo siku alizolewa zaidi. Maneno ya mlevi huyajua mlevi mwenzake. Akakaa tena. Nje, Olmedo alisubiri kidogo, akaguna, akaondoka.

Targelia alirudi ndani akamkuta mumewe kainama. Alimwekea chai ya mdalasini na mkate, akamgusa bega, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu usiku wa moto.

Na nyumba ile ilipona, lazima niseme. Mishono ya Gonzalo ilinyooka hadi watu wakaanza kuleta buti kutoka mitaa mingine. Paa likazibwa, lile paa la ahadi za miaka, na mlima wetu wa volkano, Tungurahua, ulipotema majivu katikati ya mwaka, hata punje haikudondoka ndani. Maritza alirudi kuandika kwa mkono wake wa kulia. Kovu lilibaki, linang'aa, ila hakulificha kwa babake tena. Targelia akaanza kumzomea mumewe kwa mambo madogo madogo, viatu mlangoni, kijiko kwenye sukari, na sisi majirani tukaambizana: afadhali, kelele zimerudi.

Jioni Gonzalo alimfundisha mwanawe karata. Lakini arobaini hutaka mwenza upande wa pili wa meza, mtu unayemtazama nyusi tu ukajua ana nini mkononi. Mtoto alikuwa akicheza huku anapiga miayo. Gonzalo alitupa karata, akanyanyua macho kama anayengoja mtu amwambie "Umemwangusha!" Hakuna aliyesema.

Agosti, siku ya misa ya mtakatifu wa mtaa, alimwona Olmedo ng'ambo ya uwanja wa kanisa. Alikuwa amekonda hadi kola ya shati inamzunguka shingo bila kuigusa, na uso umekuwa wa manjano. Gonzalo aliumia, wallai aliumia, lakini moyoni akasema: pombe hiyo. Ameongeza. Mimi nimeponea chupuchupu. Olmedo aliinua mkono. Gonzalo akajifanya anatazama viatu vya watu, na kwa fundi viatu hilo halimpi mtu shaka, akapotelea umatini.

Baada ya hapo mluzi ukaja Jumamosi moja, ukaruka mbili. Kisha haukuja tena. Targelia alimshukuru Mungu waziwazi. Gonzalo naye alisema anashukuru, lakini Jumamosi jioni alikuwa anaacha kugonga nyundo bila sababu, anasikiliza, halafu anaendelea.

Siku ya Wafu alikwenda kwa Zoila kununua ile mikate yenye umbo la mtoto mchanga tunayoila na uji wa zambarau. Zoila alimfungia mikate yake, asiiachie.

"Umeshakwenda kumwona kompadre wako?"

"Wapi?"

"Hospitali, wapi tena? Ini. Yuko kule tangu juma lililopita. Hujui?"

"Alikunywa mno," alisema Gonzalo.

Zoila alimtazama, mkono uko kwenye mikate. "Mh," alisema. "Haya, fundi. Chukua."

Nyumbani Targelia alikuwa wa kwanza kusema: "Nenda."

"Nitakwenda. Jumamosi. Nina viatu vya harusi hapa, wenyewe wanavitaka Ijumaa."

Viatu vilikuwepo, si uongo, lakini havikuwa sababu. Gonzalo alimwogopa mgonjwa. Alimwona kitandani, amekonda, anasema: kompa, kimoja tu, cha kuagana. Nani angemnyima? Na akishainua hicho kimoja, Targelia atafungasha, kwa sababu Targelia hatishi, anaarifu. Hivyo alishona viatu vya harusi ya watu, taratibu, kama mtu asiyetaka Jumamosi ifike. Na kweli haikufika. Ijumaa alfajiri simu ililia, Targelia akaipokea, akasikiliza, akakaa kitini.

Walimlaza Olmedo katika duka lake mwenyewe la kunyolea. Kiti cha kunyolea kilisukumwa ukutani, kioo kikafunikwa shuka, jeneza likawekwa katikati. Kama kawaida yetu wanaume walikesha wakicheza arobaini pembeni, na birika la pombe ya moto yenye mdalasini likazunguka. Meza moja ilikuwa na watu watatu.

"Fundi, njoo ushike nafasi ya marehemu," mmoja alimwita. Gonzalo alitikisa kichwa. Mwingine akamletea kikombe, mvuke unapanda.

"Sinywi."

"Tunajua hunywi, umetukinaisha na kutokunywa kwako. Lakini hiki ni cha kompadre wako, bwana! Amelala pale! Hata yeye?"

"Sinywi," alirudia Gonzalo, akakisukuma kikombe kando.

"Una moyo wa jiwe, wallai."

"Mwacheni." Alikuwa Piedad, mjane, mwanamke mdogo wa umbo aliyekaa kichwani kwa jeneza. Hakupandisha sauti. "Mwacheni. Olmedo mwenyewe asingekipokea."

Yule mwenye kikombe akajichekesha. "Piedad, dada, Olmedo huyu?"

"Huyu. Tangu Wafalme Watatu hakugusa tone. Daktari alimwambia ini limekwisha, hata akiacha amechelewa, lakini aliacha. Amekufa mkavu." Kisha akamgeukia Gonzalo, na hapakuwa na ukali usoni mwake, jambo lililokuwa baya zaidi. "Alikuwa anakuja kwenu kila Jumamosi, kompadre. Nilimwambia, mwache mwenzio, atakuja mwenyewe. Akasema hajui kukaa mkavu peke yake. Mkikaa wawili, alisema, labda itakuwa rahisi."

"Nilidhani..." alisema Gonzalo.

"Najua ulidhani nini. Mimi mkewe nilikuwa nanusa vikombe vyake hadi Pasaka."

Alirudi nyumbani kabla hakujapambazuka, akamkuta Targelia amekaa jikoni na shali, hajawasha taa. Akamweleza. Targelia alisikiliza, kisha akajishika mdomo.

"Alituambia," alisema.

"Alituambia."

"Mlangoni pale. Gonzalo, alisema umnuse. Mimi ningejuaje? Kila mlevi huniambia hivyo! Wewe umeniambia hivyo tangu sijamzaa Maritza!" Akaanza kulia, kwa hasira, kama anayegombana na mtu asiyemwona. "Ningefungua, akawa na chupa, je? Nani angenilaumu basi?"

"Hakuna anayekulaumu."

"Nilaumu basi! Sema kitu!"

Lakini Gonzalo angemlaumuje? Alikuwa nyuma ya pazia. Alisikia mwenyewe, kwa masikio yake, na mguu mmoja alishautoa. Wote wawili walikuwa na haki, na mtu kafa akipiga mluzi mlangoni kwao.

Desemba ilikwenda kwa shida. Siku ya mwisho ya mwaka sanamu lilikuwa tayari tangu asubuhi, limekaa kwenye kiti kilichovunjika mbele ya duka la mikate, limevaa kofia. Mjane hakupatikana. Vijana walisukumana, huyu anasema wewe, yule anasema wewe, hakuna aliyetaka kuvaa gauni jeusi na kulia kwa mzaha huku Piedad anapita na jeusi la kweli. Zoila akasema mwaka huu Mzee azikwe kapera.

Mchana Piedad aligonga karakana. Gonzalo alifungua mwenyewe. Mwanamke alikuwa na mfuko.

"Alinipa ujumbe hospitali," alisema. "Alisema, mwambie kompadre avae, mimi sitaweza. Nikamwambia, Olmedo, yule bwana ana haya, hawezi kusimama mbele za watu mpaka awe amelewa. Akasema: ataweza tu. Utamwona." Akamkabidhi mfuko. Ndani lilikuwamo lile gauni, na kilemba. "Ukishindwa si lazima. Mimi nimefikisha."

Lilimbana, kwa sababu kitambi kile cha ahadi za zamani hakikuwahi kuondoka. Targelia akafumua mishono ya ubavuni. Maritza ndiye aliyempaka rangi ya mdomo, kwa mkono wenye kovu, ulimi umetoka nje kwa uangalifu.

"Usicheke, baba, nitaharibu."

"Sicheki, mama."

Alipotokea barabarani, shangwe zilipasuka. Fundi! Fundi kavaa gauni! Watoto walimzunguka, madereva wakapiga honi. Hakujua afanye nini na ile kamba. Alikinga barabara, magari yakasimama, akawaangalia tu watu vioo vyao vikiteremka, na senti zikaingia kwenye kofia, pengine kwa huruma. Wosia alisoma Zoila. Kisha, kabla ya moto, mjane hupewa kikombe cha kwanza, ndiyo desturi, halafu hulia kilio cha mwisho. Mtu akamtilia kikombe mkononi kwa mazoea, bila kuwaza. Pombe ya mdalasini, moto. Targelia alikuwa amesimama ng'ambo, kamshika Maritza bega, na uso wake tuliuona sote. Saa haijafika. Mwaka ulikuwa haujakwisha.

Gonzalo alikitazama kile kikombe kwa muda. Akakirudisha. "Mpeni mwingine," alisema.

Kisha akageukia sanamu, akafungua mdomo alie kama mjane anavyolia. "Mume wangu weee!" Watu wakacheka, tayari. "Mume wangu..." Sauti ikamkatika. Akajaribu tena, na kilichotoka hakikuwa cha mjane.

"Nilikuwemo!" alilia. "Kompadre, nilikuwemo! Nilikuwemo ndani! Kila Jumamosi nilikuwemo!"

Barabara nzima ilianguka kwa kicheko. Walipiga makofi, wakapiga miluzi, watu wa mitaa mingine waliokuja kutazama walishikana mabega. "Huyu anamzidi Olmedo!" alipiga kelele mtu nyuma. "Jamani, hata makamasi anayatoa ya kweli!" Senti zikaruka zikimgonga gauni. Naye alikuwa amepiga magoti mbele ya lile furushi la mavumbi ya mbao, kalishika miguu, anarudia neno lile moja, rangi ya mdomo imemfika kidevuni.

Sisi tuliojua tulinyamaza mmoja mmoja. Wengine hawakujua, wakaendelea kucheka, na huwezi kuwalaumu, walikuwa wamekuja kucheka. Piedad akapita katikati ya watu, akapiga magoti pembeni yake na gauni lake jeusi, akamshika mkono. Wakawasha moto wakiwa bado wamekaa pale, ikabidi wavutwe nyuma.

Fataki zilipokwisha, kuruka kukaanza. Targelia alikuja, akamfunika mumewe shali mabegani, akamfuta uso kwa pindo la aproni. Mwaka ulikuwa umetimia. Hakuna aliyempongeza.

"Na mwaka huu unaahidi nini, fundi?" aliuliza Zoila taratibu, kwa kuwa ni desturi kuuliza.

"Sina."

"Baba, huruki?" alisema Maritza.

"Nimevaa gauni la watu, mama. Litaungua."

Hajanywa hadi leo, na ahadi nyingine hajatoa. Ila Jumamosi jioni, akiwa kazini, mlango wa karakana huwa haufungi. Anausukuma wazi hadi ukutani na kuuwekea kalibu ya kiatu usijirudishe. Upepo wa jioni wa kwetu si wa mchezo, unaingia hadi jikoni. Targelia, ambaye humzomea kwa kijiko kilichoachwa kwenye sukari, kwa hilo hasemi kitu. Anajifunga shali, anaendelea kumenya viazi.